Kichwa cha Farasi Kilichonuka Rubisi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na ningefurahi kuisahau, lakini wewe umekuja na picha kwenye simu ukaniambia, "Babu, nifundishe kuchonga kichwa cha farasi." Ukashangaa nilipokufokea. Basi kaa hapo kwenye kigoda, weka simu mfukoni, nikueleze kwa nini miaka yote hii nimechonga vinu, vigoda na vyombo vya maziwa, na farasi sijamgusa tena.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa najifunza uchongaji kwa Mzee Kamuhabwa, hapa hapa Nyabiyonza, na majivuno yalikuwa yamenijaa mpaka kooni. Mwenye nyumba moja ya wageni pale Omurushaka akatuletea kalenda yenye picha ya farasi. Alitaka kichwa cha namna ile, akiweke pale anapopokelea wageni. Farasi! Karagwe nzima nani alikuwa na farasi? Sisi tumekua na ng'ombe. Kichwa cha kwanza nilichochonga, Mzee Kamuhabwa alikizungusha mkononi, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ni ndama," alisema. "Umemkata pembe tu, maskini."

Akanionyesha kwenye ile picha: uso wa farasi ni mrefu, taya ni pana huku nyuma, kisha unapungua mpaka puani. Masikio yamesimama, membamba, na hapo mti mbichi haukuvumilii, ukikauka tu unapasuka. Kichwa cha pili kikapasuka sikio kweli. Mzee akaniambia nitundike kipande cha mti wa musizi juu ya moshi wa jikoni, nisubiri miezi mitano. Miezi mitano! Yule mteja alikuwa anarudi baada ya wiki mbili, nami nilitaka Omurushaka yote inijue.

Jirani yetu alikuwa mjane, Mama Koku. Nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, kulikuwa na mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambao marehemu mume wake aliuchonga kutoka gogo moja la musizi. Tangu mzee huyo afariki ulikuwa umelazwa kifudifudi, hakuna anayeugusa. Nikajiambia umesahauliwa. Mama Koku alipokwenda kanisani, nikachukua msumeno, nikakata ncha moja, ile nene, nikafunika pale kwa majani makavu ya migomba. Ulikuwa mti wa miaka mingi, mkavu kabisa, umekunywa rubisi mpaka ndani. Nilichonga kwa raha ambayo sijaipata tena. Farasi akatoka na pua yake, masikio yake, mpaka mishipa ya shavuni.

Wiki haikuisha. Mama Koku alikuwa anamwoza binti yake, na ndizi zilikuwa zimeshaivishwa shimoni. Wanaume walipokwenda kuugeuza mtumbwi waanze kukanyaga, wakakuta hauna upande mmoja. Yowe alilopiga yule mama nililisikia nikiwa kwetu.

"Maawe! Wamenikatia mume wangu!"

Hatua chache kutoka kwenye ule mtumbwi kulikuwa na kibanda cha Nzeyi, kibarua wa Mama Koku, Mrundi, mwenye mke na mtoto wa kunyonya. Alikuwa mtu mpole sana. Nikitoka kuchota maji aliniita tule viazi vya kuchoma, tukipiga soga mpaka nasahau ndoo. Lakini alikuwa mgeni, na kuni zake zilikuwa zimepangwa mlangoni. Watu hawakutaka ushahidi mwingine. Yeye aliapa, "Waitu, jamani, sikuugusa." Mzee mmoja akanigeukia.

"Wewe unapita hapa kila siku. Umemwona akifanya nini huyu?"

Nikasema, "Nimemwona akikata kuni."

Unauona ujanja wangu? Ilikuwa kweli. Nani hakati kuni? Nzeyi akanitazama, na vijana wakamvamia kwa fimbo. Mimi nilisimama pale pale. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, kisha nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mzee Kamuhabwa alikishika kile kichwa cha farasi, akayasifu masikio. Halafu akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. Uso wake ukabadilika.

"Kinanuka rubisi," alisema.

Akanirudishia kichwa mkononi.

"Nenda sasa hivi ukaseme. Usikae, usile. Nenda!"

Nikamjibu kwamba nitakwenda kesho. Mchana ule ndio mwenye nyumba ya wageni alikuwa anakuja, na nilitaka nisifiwe kwanza kabla sijaaibika. Hakuja. Nilishinda pale na farasi wangu mapajani, namsugua kwa msasa.

Nilipofika kibandani siku iliyofuata, jivu la mafiga lilikuwa limepoa, Nzeyi na watu wake wameondoka. Nikaenda kwa Mama Koku na kile kichwa mkononi, nikapiga magoti, nikasema yote. Alikipokea, akakitazama.

"Kumbe umekichonga vizuri," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango. Mpaka anaingia kaburini hakuitikia tena shikamoo yangu.

Nzeyi nilimtafuta Bweranyange, nikamtafuta mpaka Kyerwa. Karibu mwaka mzima ulipita ndipo nikamkuta mke wake sokoni Omurushaka, anachambua maharage ya watu. Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Mkono ulioza, aliniambia, homa ikampanda, akafa. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na vidole vinaendelea na maharage. Nikamwambia kwamba mtumbwi niliukata mimi. Hapo vidole vikasimama.

"Tulipofukuzwa alikataa twende mbali," alisema. "Tulijificha siku tatu kwenye mibuni, kule chini bondeni. Mkono unavimba, namwambia twende hospitali, anasema tusubiri. Anasema yule kijana anakula na mimi, ananijua, atawaambia ukweli, watatuita."

Siku tatu, mwanangu! Nami nilikuwa nahangaika vijiji vya mbali, bondeni sikushuka.

Sasa nisikilize. Kitu cha mtu usikiguse, hata kama kimelala kwenye majani na mwenyewe haonekani kukijali. Ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile, hata kama fimbo zitakugeukia wewe. Na ukiulizwa habari za mnyonge aliyezungukwa na watu, usitoe kipande cha ukweli kinachokuficha wewe na kumuua yeye. Mimi nilikitoa, nikabaki mzima, nikaoa, nikazaa, na kila nikila kiazi cha kuchoma naona aibu.

Farasi nitakufundisha, usijali. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe kazi, akupe marafiki wa kula nao, na siku itakapokubidi useme "ni mimi," akupe nguvu useme wakati mwenzako bado yuko hai.