Mimea Isiyotaka Samadi

Kampuni ya maua niliyofanyia kazi Arusha ilipopunguza watu, msimamizi wetu aliniachia vipandikizi vya mimea aliyokuwa akiikuza nyumbani kwake. Ilikuwa chotara ya mimea ya misitu ya mbali, ya milimani penye ukungu na mvua. Ncha ya kila jani hurefuka kama uzi, kisha huning'iniza kibuyu chenye mfuniko. Nzi huvutwa na utamu, huteleza, huzama humo. Mmea huwala.

Nilirudi nayo kijijini kwetu Maretadu, kwa baba, mwaka ule mkoa ulipogawanywa, tukaacha kuwa watu wa Arusha tukawa watu wa Manyara. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika. Kaka zangu walishagawiwa mashamba. Mimi nilipewa chumba cha uani na kibaraza chake. Baridi na ukungu wa kwetu viliifaa mimea ile. Niliipanda kwenye makopo ya rangi, katika chenga za mkaa na magome, nikainywesha maji ya mvua tu, nikaitundika kwenye boriti. Ikatoa vibuyu vyekundu vyenye madoa, vingine virefu kama kiganja. Watu waliokuwa wakienda mnadani walikatisha uani kuvitazama. Mama mmoja aliuliza kama vinauma. Wengine wakaanza kuulizia miche.

Ndipo nikamwomba baba kipande kidogo kilichobaki karibu na kijito, nijenge kibanda cha mimea, nami niwe na mahali pangu. Hakukataa. Alisema atawaita baba zangu wadogo waje waone kwanza, kisha waamue.

Nilikwenda Babati kutafuta nailoni ya kibanda, mvua ikakata barabara, nikakaa huko zaidi ya nilivyopanga. Nilirudi siku moja kabla ya wazee kuja. Majani yalikuwa meusi kingoni, kama yamebabuliwa na moto. Vibuyu vilikuwa vimesinyaa. Ndani ya makopo nilikuta samadi mbichi, imeshindiliwa vizuri na mikono inayoijua kazi hiyo.

Baba aliwaleta kibarazani baada ya ibada. Baba mdogo mmoja alishika jani, likabaki mkononi mwake.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo," baba akasema. "Binti alikuwa anaishindisha njaa, mkaa na maji tu. Nikaiwekea samadi mwenyewe, isitutie aibu mbele yenu."

"Baba, hii mimea haitaki samadi," nikasema. "Inaiunguza."

Walicheka.

"Kuna mmea unaosusa samadi?" baba mdogo akauliza. "Labda huu wa kwako unangoja mkate na siagi."

Kaka yangu mkubwa hakucheka. Alisema kwa upole, "Mtu akishindwa na kopo, shambani atafanya nini?"

Nilimtazama baba. Aliiona mimea ile ilipokuwa imejaa vibuyu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaita wageni wake waje kuishangaa. Neno lake moja tu lingetosha. Aliinama akafunga kamba za kiatu.

Kipande kikaenda kwa kaka. Alipanda maharage msimu huohuo, yakastawi sana.

Mwezi uliofuata nilihamia chumba cha kupanga Mbulu mjini. Nikienda kusalimia, nampa baba shikamoo, ananiitikia vizuri. Naketishwa kwenye kiti chenye kitambaa, na chai huletwa kwangu kwanza, kama wanavyofanyiwa wageni.