Mtunzi wa Nyuma ya Ukuta

Bibi Hostetter wa jirani alikwisha kumwonya Lovina: "Mwanangu, ukimwona yule mtunzi wa nyimbo mlangoni kwako, kofia mkononi, ujue jeneza limeshapimwa. Yule ananusa wanaokufa." Na kweli, kila palipokuwa na mgonjwa mtaani alifika, akainama kitandani na kuuliza, "Amesema nini?" Jumapili maneno ya marehemu yalikuwa kiitikio cha wimbo mpya, na kanisa zima likilia. Siku nyinginezo alikanyaga kinanda chake cha mivukuto nyuma ya ukuta wa Lovina, alikoishi, mstari uleule, akikwama palepale na kuanza upya, mpaka Lovina akatamani kumimina uji wa shayiri kwenye mivukuto hiyo. Hata mtunzi akiwa ameketi tu barazani, mguu wake ulikanyaga hewa, na kidole chake cha mwisho hakikuisha madoa ya wino.

Kisha Orrin, mtoto wa Lovina, akashikwa na kifaduro, na kinanda kikanyamaza. Asubuhi moja ikapigwa hodi. Kofia mkononi! Lovina akaziba mlango kwa mwili wake.

"Hajasema kitu! Hata meno hana, atasema nini? Na hafi, umesikia? Nenda kwa wengine!"

Mtunzi hakuinua macho. Mguu wake, safari hii, ulikuwa umetulia.

"Nyimbo za kufa ninazo sanduku zima, mama," akasema. "Kinanda nilikiacha ili nisikie kama bado anakohoa. Akianza kucheka, tafadhali nigongee ukutani. Wimbo wa mtu aliyepona sijapata kuandika hata mmoja."