Baba Mkwe Hataki cha Bure, cha Wizi Anakitaka

Mhariri, nifichie jina, maana mji wetu mdogo na maneno hayalali. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mkokotoni, shamba huku Unguja, nimeolewa mjini. Nafanya kazi katika jumuiya inayosomesha mayatima, na mwenyekiti wake ni baba mkwe wangu. Hapo ndipo penye balaa.

Mzee huyu kompyuta hajui hata kuiwasha. Huifunika kitambaa cha kudarizi, na kila Alkhamisi huifukiza udi, eti virusi ni kijicho cha watu! Programu zote zilizomo zilinakiliwa kwa wizi katika duka moja la Darajani, na virusi vilikuja nazo humo humo. Masomo ya watoto yameshafutika si mara moja. Huo udi umeniumiza kichwa tu.

Nilipokwenda mafunzoni Dar es Salaam nikajua kuna programu huria. Waliozitengeneza wameziachia watu wote wazitumie, wagawiane, hata wazirekebishe, na hakuna anayeitwa mwizi. Jumuiya hohehahe kama yetu ingetaka nini tena? Nikalisema kikaoni kwa adabu zangu zote.

Baba mkwe akacheka. "Mwanangu, nyinyi huko shamba mshazoea vya kupewa. Sie watu wa mjini hatuokoti. Cha bure hakina heshima."

Wajumbe nao wakacheka. Wanaume wazima, wamekalia mali ya wizi, wananihubiria heshima! Nyani haoni kundule. Niliwadharau pale pale na mpaka leo nawadharau.

Sasa wafadhili wanakuja kutukagua wiki ijayo. Mzee akaniita barazani.

"Wewe ndo unozijua kompyuta. Utawambia programu zote tumenunua."

"Baba, nisamehe, uongo huo siusemi."

Akanishitaki kwa mume wangu. Nilidhani nimeolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na kivuli cha babake. Akanambia, "Ukimuaibisha baba, kwenu unakujua."

Kila asubuhi nawafundisha mayatima kuwa cha mtu hakiguswi, huku wanafundishwa kwa vitu vya wizi. Nikisema kweli, ndoa sina, na mwanangu wa miaka sita atabaki kwao. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ila msinambie nimstahi kwa kuwa ni mzee. Nikiondoka, huyo ndiye atakayemfunza mwanangu heshima.