Ukumbi Uliokataa Kupoa

Khisa alikulia Malakisi, akichochea moto katika mabanda ya kukaushia tumbaku. Huko ndiko alikojua kwamba hewa moto haikai chini. Ukiifungulia tundu la paa, inatoka yenyewe. Baada ya kidato cha nne alijifunza umeme, akafanya vibarua miaka ishirini na mitano bila kupata hata barua moja ya ajira.

Mwaka 2006, Mhandisi Kabura wa Kitale alimweka asimamie mafundi wa ukumbi mpya wa kampasi mjini Bungoma. Mama huyo alikuwa amechora ukumbi usio na mashine za kupoza, maana umeme ulikatika kila wiki. Hewa ingeingia kwa mtaro uliopita chini ya sakafu, ipoe humo, ipande ukumbini, kisha itokee kwenye bomba pana la paani. Kamati ya kampasi iliahidi kwamba ukumbi ukifaulu jaribio, Khisa angeajiriwa awe fundi wake. Ukishindwa, mtaro ungezibwa, mashine zije na fundi wake.

Siku ya jaribio, mwishoni mwa Januari, wanafunzi mia mbili waliketi humo tangu asubuhi. Kufikia saa nane, kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tatu.

"Mhandisi, hii ni darasa ama ni jiko la mkate?" aliuliza mwenyekiti, Bwana Kimaiyo, akijipepea kwa faili. "Si ulisema upepo utafanya kazi bana?"

Wanafunzi walicheka. Kabura aligeuza michoro yake ukurasa baada ya ukurasa.

Khisa alitoka mbio hadi nyuma ya jengo, penye mdomo wa mtaro. Ng'ambo ya ua, mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa ikinguruma, makapi yakipeperuka. Hapo akakumbuka. Wiki tatu zilizopita, mkewe Phelista alipotoka hospitalini baada ya kulazwa kwa malaria mara ya pili, Khisa aliwaza juu ya wanafunzi wale wote na mbu, akafunga wavu mwembamba mdomoni pale. Haukuwa kwenye mchoro. Hakumwambia mtu. Sasa makapi yalikuwa yameugandia kama blanketi.

Aliung'oa kwa mikono, akausukuma chini ya majani, akarudi ukumbini kwa Kimaiyo.

"Mzee, tungoje nusu saa tu. Makapi yalikuwa yameziba."

"Makapi gani yanaziba shimo la kupita ng'ombe?" Kimaiyo alikuwa ameshika kalamu. "Mimi naandika mchoro wa huyu mama ni mbaya. Tumalize."

Kabura alikuwa akitazama michoro kana kwamba kosa lingejitokeza lenyewe.

Khisa alisogea mbele.

"Mchoro ni mzuri. Niliweka wavu wa mbu pale nje. Ni mimi, bila ruhusa."

"Ungeniuliza tu, Khisa," Kabura alisema polepole.

Walingoja. Saa tisa, kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Saa tisa u nusu, ishirini na saba. Kimaiyo alitia sahihi kwamba ukumbi umefaulu. Kisha akachukua karatasi nyingine, akauliza kama kuna mtu anajua fundi mwingine, anayefuata mchoro.

Khisa alianza kutoa funguo za jengo kwenye mshipi. Pete ilikuwa ngumu, akavunjika ukucha.