Msiba Bila Maiti

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana mtaani kwetu, mwisho wa mji wa Morogoro pale mlima unapoanzia, wananiita mwali, na nina wajukuu. Mwali ni msichana aliyevunja ungo, anayefichwa ndani mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa hadharani. "Mwali wetu utatoka lini?" huniuliza wakipita. Nawajibu nasubiri ngoma. Milima ya Uluguru naiona dirishani kila siku, na sikuwahi kuona sababu ya kuisogelea. Elimu yangu ya kidato cha nne naitumia kusoma maandishi ya kwenye pakiti za unga. Sokoni siendi. Soko huja kwangu.

Soko lenyewe alikuwa dada mmoja wa mlimani, umri wa binti yangu wa pili, aliyeshuka asubuhi na tenga la karoti, kabichi na majani ya maboga. Alianzia kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukishuka ile njia, na kwa sababu, kwa maneno yake, "Mama, wewe sina haja ya kupiga hodi mara mbili. Utakuwa umekwenda wapi?"

Siku moja alikuja bila tenga. Jicho moja lilikuwa limefumba, na mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama mzigo wa mtu mwingine. Akasema, "Shikamoo mama." Mtu kapigwa na mumewe kiasi kile, bado anakumbuka shikamoo. Nikaitikia, nikamkalisha, kisha nikafanya jambo la maana ninaloliweza bila kutoka nje: nikampigia simu mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi chetu.

Kikundi chetu cha akina mama ni cha kufa na kuzikana. Tuna masufuria makubwa, majamvi, vikombe, kanga za sare, na huyo mwalimu, ambaye alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote na mpaka leo anatuona tuko darasa la kwanza. Lakini siku ile alifanya yanayopasa, na hapo sina utani. Alimpeleka dada polisi, kwenye dawati la jinsia, kisha hospitali, wakamfunga mkono hogo la plasta. Mume akaitwa, akahojiwa, akalala mahabusu, akatoka kwa dhamana, akarudi mlimani kama mtu aliyetoka safarini. Kesi ikabaki inakwenda kwa mwendo wa kesi. Dada akabaki kwangu.

Baada ya hapo kikundi kikarudi kwenye utaalamu wake, na utaalamu wetu ni msiba. Kesho yake walifika na majamvi. Wakavua viatu mlangoni, wakajaa sebuleni, wakashusha sauti. Sufuria kubwa ikainjikwa uani kwangu bila mimi kuulizwa. Mama mmoja akamshika dada mkono mzima, akamwambia, "Pole, mwanangu, yote ni mipango ya Mungu," mwalimu akamkata jicho mpaka akahamia kuchambua mchele. Nyumba yangu ikawa matanga. Mtu mwingine angetoka kidogo akapunge upepo. Mimi nilijikunja kwenye kona ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni aliyechelewa.

Dada alikaa katikati, hogo kifuani, akila wali kwa adabu ya mfiwa.

Walipomaliza kula wakaanza kupanga maisha yake. Mmoja akasema apelekwe Dakawa, shemeji yake analima mpunga kule na vibarua wanahitajika. Mwingine akasema kwa mkono gani, mtu ana hogo. Apelekwe Mikese, ambako msemaji ana dada mwenye chumba cha nje. Dakawa na Mikese zikabishaniwa hadi chai ikapoa. Mimi nilikuwa upande wa Mikese, kwa hoja kwamba watu wa Mikese walionekana wana haraka ya kuondoka.

Hatimaye mwalimu akageuka. "Na wewe, mwanangu, ungependa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa yule?"

"Kwangu," akasema. "Yule alikuja kuoa. Alikuja na begi na redio. Nyumba aliniachia bibi, na shamba ni la ukoo wa mama. Hizo karoti mnazokula si zinatoka hapo?"

Aibu yenyewe ni kwamba nusu yetu mle ndani tulikuwa Waluguru. Tunajua kabisa kwamba ardhi ya mlimani hufuata upande wa mama. Mimi mwenyewe nina kipande changu huko, nakisikia tu. Lakini tumekaa mjini mpaka tumezoea kwamba mwanamke akipigwa, yeye ndiye anayefungasha. Tulishampangia na nauli.

"Mjomba wako anasemaje?" mwalimu akauliza.

"Anasema anangoja polisi wamalize. Polisi wanasema ya nyumba wakae wazee. Nyinyi mnasema Mikese."

Mama mmoja akacheka ndani ya kanga. Mwalimu hakucheka. Aliyatazama majamvi, akaitazama sufuria. "Sisi tunachojua ni msiba," akasema. "Basi twendeni msibani."

Jumamosi tukapanda mlimani, nyumbani kwa dada. Nilijaribu kueleza kwamba lazima abaki mtu wa kulinda nyumba. "Nyumba nayo ipumzike kukuona," mwalimu akasema. Kwa hiyo nilipanda. Kila kona nilisimama kusifia mandhari, mpaka dada, na hogo lake, akanipokea mkoba. Waliobeba masufuria kichwani walinipita wakiniimbia wimbo wa kumtoa mwali.

Mume hakuwepo. Mjomba, mzee mkimya mwenye koti la mvua, alikuwa ameshafika. Tukatandika majamvi uani, tukawasha moto, tukaanza kumenya viazi kama watu ambao hawana mpango wa kuondoka, na kweli hatukuwa nao. Alasiri mume akatokea njiani. Aliziona kanga za sare kwa mbali, akaona sufuria, akaona mzee ameketi. Akavua kofia. Akaja kwa mwendo wa kwenye msiba, taratibu, macho chini.

"Shikamooni. Jamani, nani kafa?"

"Marahaba," mwalimu akajibu, kisu hakijasimama. "Hajafa mtu. Safari hii tumewahi."

Mume alitafuta wa kumgombeza. Ni kazi ngumu kugombeza jamvi zima linalomenya viazi. Mjomba akamwonyesha begi lililokuwa kibarazani.

"Na mimi niende wapi, mjomba?"

"Kwa mama yako. Huko ndiko kwenu. Kesi ikiitwa, utakwenda."

Akamgeukia mkewe. "Wewe husemi kitu?"

"Usisahau redio," dada akasema.

Sitawadanganya kwamba alitubu. Alianza kututukana alipofika umbali aliouona unamfaa.

Kilichobaki ni swali la nani atalala pale, maana angeweza kurudi. Macho yote yakanijia. "Hapa panatakiwa mtu wa kukaa ndani tu," mwalimu akasema. "Fundi wetu ni huyu."

Nikakaa. Kazi yangu ilikuwa kuonekana mlangoni. Alirudi mara moja, mchana, akasimama juu ya njia. Mimi nilikuwa nakata mchicha, simu pajani. Nikaendelea kukata, ingawa mchicha wa siku ile ulitoka na vipande vya ukubwa wa ajabu. Akatazama, akaondoka. Usiku dada alishtuka kwa mfuniko ukianguka tu, na mimi, nisiyejua maneno ya kumfaa, nilimsimulia ugomvi wa ukoo wangu hadi akapata usingizi. Hogo likaja kutolewa. Akarudi shambani. Nami nikaanza kuzoea, nikajichagulia hata kigoda changu.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama, leo nataka kulala peke yangu."

"Kwani nakoroma?"

"Unakoroma. Lakini si hilo."

Nikafungasha nimenuna. Kwetu mgeni husindikizwa, angalau mpaka njia panda. Yeye alifika mwisho wa ua, akanusa hewa. "Mama, maharage yataungua," akasema, akarudi mbio.

Nikashuka nikiwaza hotuba ya kumpa kuhusu adabu. Kona ya kwanza magoti yakanisimamisha, nikageuka. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameinama kwenye mafiga, anakoroga, njia ameipa mgongo. Muda wote niliokaa naye sikuwahi kumwona ameipa mgongo. Hotuba nikaimeza, nikaendelea kuteremka.