Aya ya Nne kwenye Rufaa ya Mdogo Wangu

Jaji alisoma kwa sauti maneno niliyoyachapa kwa vidole vyangu mwenyewe, na kabla hajamaliza, mume wangu akainuka akatoka nje ya mahakama.

Nilidhani anakwenda msalani.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, mkabala na mahakama. Kompyuta moja kuukuu, printa yenye vituko, viti viwili vya wateja. Wanaonilisha ni ndugu wa wafungwa. Wanakuja na karatasi za hukumu zilizokunjwa mpaka zimechakaa, nami nawachapia sababu za rufaa.

Miaka tisa kwenye kazi hiyo, nikawa najiona nusu wakili. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Mdogo wangu alikuwa fundi simu. Chini ya meza ileile ya simu alikuwa akiuza vidonge vya kulevya, na hapo simtetei. Aliuza kweli. Polisi walipopekua walikuta vidonge kwenye droo, na juu ya dari wakakuta bastola imefungwa kwenye kitambaa.

Alikiri yote mawili siku ya kwanza, bila hata kupepesa.

Vidonge miaka minane, bastola miaka saba. Tena hakimu akaamuru kifungo kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Kumi na mitano. Nilikaa chini palepale kwenye korido na tumbo langu la miezi minane.

Nilipojifungua tu, nikaanza kushughulikia rufaa. Hatukupinga hatia, tulipinga ukali wa adhabu tu. Tuliomba vifungo viende pamoja, ili ile minane ikiisha mtu atoke akaanze maisha.

Sasa oneni nilichofanya.

Sisi wachapaji hatuandiki upya. Unafungua rufaa ya mteja wa zamani inayofanana na hii, unafuta jina, unabadili tarehe na namba ya kesi, kazi imekwisha. Nilichukua ya kijana mmoja aliyefungwa kwa dawa na silaha. Siku hiyo foleni ilifika barabarani na mwanangu analia mgongoni. Nikagusa hapa, nikagusa pale.

Aya ya nne sikuigusa.

Karatasi ikapelekwa gerezani, mdogo wangu akaisoma, akatia sahihi, ikarudi.

"Aya ya nne," jaji akasema, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, "inadai silaha haikuwa ya mrufani. Aliwekewa na shemeji yake amfichie. Shemeji yupi huyu?"

Ile ilikuwa habari ya yule mteja wa zamani. Nilikuwa nimemwachia mdogo wangu maneno ya mtu mwingine.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameshatoka.

Wakili wa serikali alisimama haraka. Akauliza, huyu aliyekiri kwenye mahakama ya chini, leo anakana, majuto yake yako wapi? Jaji akamweleza mdogo wangu taratibu kwamba akiisimamia aya hiyo, italazimu jambo hilo lichunguzwe. Akiikataa, itafutwa.

Mdogo wangu akageuka kunitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila alimgeukia jaji.

"Ifutwe, mheshimiwa," akasema. "Dada yangu anachapia watu wengi, amechanganya. Bastola ilikuwa yangu."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Rufaa ilikataliwa. Jaji alisema muuza dawa anayeweka silaha karibu na biashara yake ameleta hatari mbili, na kila moja ina adhabu yake. Kisha akaongeza la kunimaliza: kama angekuwa amemhifadhia tu mtu mwingine, mahakama ingelitazama kosa hilo kwa jicho jingine.

Siku hiyo mume wangu hakuja. Yeye ni dereva wa lori, akasema ana mzigo wa kushusha.

Nikiwa natembea kurudi kibandani ndipo nilipoanza kujiuliza. Msalani gani huko, mtu anakwenda asirudi?

Nilimuuliza jikoni, kavukavu, kama bastola ni yake. Hakubisha hata kidogo. Alinunua bastola kwa kuogopa majambazi wa njiani, hakutaka ilale nyumbani nilipo mimi mjamzito, akamwomba shemeji yake, huyu mdogo wangu, amwekee kwa siku chache. Siku chache hizo ndizo polisi walipokuja.

"Ningesema tungefungwa wote wawili," akaniambia. "Wewe ungebaki na nani?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa na maana. Nilimchukia kwa hilo.

Jumamosi nikaenda gerezani. Tulizungumza kupitia wavu. Nilianza kuomba radhi, nikamweleza uzembe wangu wote, faili la zamani, foleni, mtoto, aya niliyoisahau.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, niliposoma ile aya nililia," akasema. "Nilidhani umeshajua. Nilidhani umeiandika makusudi, kwamba umenichagua mimi. Nikatia sahihi haraka, nikiogopa utabadili mawazo."

Nikamuuliza kwa nini basi aliikana.

"Nilikuona sura pale mahakamani. Ulikuwa hujui kitu. Ningekuvunjiaje nyumba mbele za watu?"

Nililia mpaka askari aliponigusa bega kwamba muda umekwisha.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu ana mpaka Jumatatu. Aende polisi mwenyewe, ama niende mimi. Aliniomba nimfikirie mtoto. Nikamjibu kwamba mtoto nimemfikiria, na mjomba wake pia nimemfikiria.

Jumatatu nilifunga kibanda, tukaenda kituoni, mtoto mgongoni. Alitembea nyuma yangu kidogo, na mlangoni akaniomba nimpe mwanawe ambebe kidogo. Nilimpa.

Sasa yupo mahabusu. Suala la mdogo wangu limefunguliwa upya, lakini hakuna anayetuahidi kitu, na miaka minane ya vidonge iko palepale. Wakwe zangu hawanisalimii. Wengine wananiita msaliti, na kuna siku naamka nikiwaamini.

Ila wewe unayesoma, chukua hili. Mtu wako akikiri kosa haraka mno, usikimbilie kuhesabu miaka wala kutafuta wakili. Muulize kwanza anamkinga nani. Mimi nimechapa rufaa za nusu ya mji huu, na mdogo wangu mwenyewe sikumuuliza hata siku moja.