Dalali Mwenye Sauti ya Upole

Miaka ile Guangzhou ilikuwa ikijengwa usiku na mchana. Ukungu wa mto ulichanganyika na vumbi la saruji, na majengo mapya yakaonekana kama yanaelea. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Mombasa, nimechoka na bweni, natafuta chumba. Mwalimu wangu wa Kiingereza, Mmarekani mweusi wa rika la mama yangu, alijitolea kunisindikiza.

Dalali, msichana mpole mwenye mwavuli, alitupeleka kwanza kwenye nyumba inayotazama mto. Misufi ilikuwa imechanua, maua mekundu yamefika usawa wa dirisha. Nilisimama pale nikajiona nimeshatandika kitanda na kuanika kanga zangu. Kisha mwenye nyumba akaingia, akatutazama, akamnong'oneza dalali.

"Meiyou," dalali akaniambia, ameinamisha macho. Hakuna. Imeshachukuliwa.

Akatupeleka mtaa mwingine, kwenye jengo walimokaa Wakenya, Wakongo na Wanigeria. Njia nzima alitukinga manyunyu kwa mwavuli wake, yeye mwenyewe akilowa.

"Dalali wa kwetu Marekani naye alikuwa mpole hivi," mwalimu akasema tukipanda ngazi. "Nilikuwa mdogo, nimekaa kiti cha nyuma. Baba alitaka nyumba yenye baraza. Tuliiona kupitia kioo cha gari tu, dalali akakata kona."

"Serikali iliwakataza?"

"Serikali ilikuwa na yake. Lakini siku ile hatukuona askari. Majirani walikuwa na chama chao, wamekula kiapo wasimuuzie mtu mweusi, na hayo wakayatia kwenye hati za nyumba. Madalali nao walikuwa na chama, na kanuni zake. Benki haikukopesha mtaa wetu. Kila mmoja alishika pembe yake ya shuka, mwanangu, na ukimuuliza atakwambia hajabeba kitu."

"Na mama yako?"

"Alimshukuru dalali." Akapanda hadi ghorofa iliyofuata. "Hilo linaniuma hadi leo."

Nilikipanga chumba cha pale, dirisha likitazama ukuta. Jioni hiyo jirani kutoka Nairobi alinigongea mlango na chapati za moto, na muziki wa Kikongo ukapanda ngazini taratibu, kama moshi. Nilikaa humo hadi nikahitimu. Majirani wema kama wale sijawapata tena.

Jumamosi moja mwalimu alipokuja kula nasi, nilimwambia, kwa aibu kidogo, kwamba nimepapenda.

"Hata sisi tulipapenda kwetu," akasema. "Baba alipanda mawaridi mlangoni. Lakini hakupachagua." Akamega chapati, akamsifu aliyeipika.